Mtego wa Jumapili

Mwanangu Lameki,

Salamu sikuandikii, maana tumelala nyumba moja na asubuhi uliniamkia vizuri. Mchana hukuniaga. Umeondoka kwenda kwa mjomba wako ng'ambo ya bonde, umekunja uso, na mimi nimebaki hapa na sahani yako imejaa. Nimechukua karatasi kwa sababu kwa mdomo tumeshindwana. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandika. Kihehe chetu tumekimaliza kwa kugombana. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako la bati uikute ukirudi. Ukitaka kuichana, ichane, lakini isome kwanza.

Sikuandikii habari za kufua nguo, wala za homa ya huko Usangu, wala za kuchagua marafiki. Mama yako amekwisha kukuambia hayo tangu habari ya kazi ilipofika kutoka boma, na ameyarudia mpaka mbuzi wetu wanayajua. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa kooni tangu mchana.

Leo kanisani walikuita mbele wakuombee safari. Mimi ni mzee wa kanisa, tena ni baba yako; mkono wa kwanza kuwekwa begani mwako ulipaswa kuwa wangu. Benchi langu lilikuwa tupu. Uliporudi ukanikuta jikoni, suruali ya ibada ina matope hadi magotini, chungu kinachemka, na harufu ya nyama ya porini unaijua tangu utoto. Ukatazama chungu, ukanitazama mimi. Ukasema, "Hata leo, Baba?" Mama yako akakupakulia, ukaisukuma sahani. Na mimi, kwa huu ujinga wangu wa kupandwa na hasira upesi, nikakujibu kwamba nyumba ni yangu, na anayeona chungu changu kinanuka njia anaijua. Maneno gani hayo ya kumwambia mtoto anayeondoka kesho? Mama yako ameninunia tangu saa ile. Amesema mimi na wewe tungezaliwa siku moja tusingetoka tumboni, tungebaki humo tunabishana nani atangulie.

Najua unachofikiri. Alhamisi uliniona nikiing'oa mitego yangu yote kule juu msituni, nikaitumbukiza kwenye shimo la choo, wewe umesimama kando unatazama kama karani wa boma. Nilifanya hivyo kwa sababu uliniomba, na kwa sababu haipendezi askari wa Bwana Nyama, mlinzi wa wanyama wa serikali, awe na baba mwenye waya porini. Sasa unafikiri nilibakiza mmoja, na kwamba nimeiacha sala yako kwa ajili ya tumbo langu. Sikukudanganya, Lameki. Mtego wa leo haukuwa wangu. Ulikuwa wa nani nitakuambia, ila nikianza na hilo hutanielewa, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza acha nitoe la moyoni. Tangu uchaguliwe kwenye kazi hii, hapa nyumbani hakuliwi chakula bila hotuba. Unasema mtoto hafundishwi kuua. Unasema mtoto akizoea damu moyo wake unakuwa mgumu, na unaniuliza nataka kumharibu nani mwingine baada yako. Uliniambia nisimfundishe mdogo wako Tabita hata kutega kwale. Nilikuuliza, je, kuku? Mama yako akichinja kuku wewe ndiye unayetangulia kushika paja. Ukasema kuku ni mambo mengine. Na huko uendako watakupa bunduki. Tembo akiingia kwenye mpunga wa watu kule Madibira utampiga risasi, na hiyo itaitwa kazi, utavishwa kaki na kupewa buti kwa ajili yake. Mbawala nikimtega mimi ili watoto wale, huo ni ukatili. Nikikuuliza tofauti iko wapi unaniambia, "Baba, wewe huwezi kuelewa." Hilo neno linaniudhi kuliko yote. Nimelima mlima huu tangu sijaota ndevu, nimewalisha ninyi miaka ambayo mahindi yalikauka yakiwa bado hayajatoa mbelewele, na hata siku moja hamkulala na njaa. Nyama ile ilitoka wapi kama si msituni? Uliila. Uliila na kulamba vidole.

Haya, nimekwisha kusema, na sasa nimepumua kidogo.

Nataka nikukumbushe jinsi babu yako alivyonifundisha mimi. Hakuanza na kamba. Alianza na kutembea. Alinipeleka kutazama tu, asubuhi kwa asubuhi, mpaka nikajua nani amepita na anakwenda wapi. Kamba zetu zilikuwa za katani, tulizisokota wenyewe mapajani, na mnyama mwenye nguvu aliweza kuzikata akaenda zake. Babu yako hakuona uchungu kwa hilo. Siku nilipopata mnyama wangu wa kwanza, sungura mdogo tu, sikuruhusiwa kumwonja. Kwa ukoo wetu, anayeua kwa mara ya kwanza haili nyama ile. Inapikwa, anapewa mkubwa wake, naye anakula taratibu huku mtoto amekaa pembeni anameza mate. Akimaliza kuonja anauliza, "Nani kaleta?" Anajua fika ni nani, kijiji kizima kimekwisha kujua, lakini lazima aulize. Ndipo mtoto anajibu, "Ni mimi." Babu yako alinitazama akaitikia kwa kichwa mara moja, akaendelea kula. Mpaka leo nikikumbuka nasikia raha.

Wewe hukuulizwa. Unajua kwa nini, na sidhani umesahau, ingawa hatujawahi kulitaja hata siku moja.

Wakati ule nilikuwa nimebatizwa si muda mrefu, na nilikuwa moto sana. Jumapili ilikuwa Jumapili. Hakuna jembe, hakuna shoka, hakuna kwenda kwenye mitego. Na kamba za katani nilikuwa nimeziacha, nilikuwa nimepata waya wa breki za baiskeli, ambao haukatiki. Ulikuwa na miaka tisa. Jumamosi tulikwenda wote wawili kutega karibu na chemchemi, ukafunga fundo lako mwenyewe kwa mara ya kwanza, nami nikalisifu. Asubuhi yake ukasema tumbo linauma, tukakuacha nyumbani. Ukaenda peke yako. Mbawala alikuwa amenaswa mguu, waya umefika mfupani, na alikuwa hai. Ukammaliza kwa panga. Ilikuchukua muda mrefu, najua, kwa sababu nilikuwa nimekufundisha fundo na njia na upepo, lakini hilo la mwisho sikuwa nimekuonyesha. Nililiacha makusudi, nikasema bado mdogo. Mtu anamfundisha mtoto kutega halafu anamficha mwisho wa kutega. Sijui nilifikiri wanyama wangekuwa wanakufa wenyewe kwa heshima yangu.

Tulipotoka ibadani nilikuja na mwinjilisti, mgeni wetu wa siku ile. Tukakukuta mlangoni, shati limelowa damu, umemburuta mnyama kutoka chemchemi mpaka uani. Ulikuwa unacheka, Lameki. Ulikuwa umechoka na unacheka. Mimi nikaona aibu mbele ya mgeni, nikakuchapa palepale. Ukaniambia kitu kimoja tu.

"Alikuwa analia, Baba."

Nikakuambia leo ni Jumapili. Nyama yote nikawatupia mbwa, na mwinjilisti akanipongeza kwa msimamo.

Sasa sikiliza ninachotaka kukuambia, maana hili hujui. Mwezi uleule, Jumatatu moja, nilikwenda kwenye mitego nikakuta mguu tu. Kwato na kipande cha mfupa, mnyama hayupo. Alikuwa ameutafuna mwenyewe, au alikuwa ameuvuta mpaka ukatoka, sikutaka kuchunguza. Niliuzika haraka usije ukauona. Na bado niliendelea. Miaka mingi nilitega Jumamosi na kurudi Jumatatu, nikakuta nzi, nikakuta fisi wametangulia, nikakuta wengine wangali wanapumua. Kilichokuwa kinatakiwa ni kitu kidogo sana, kuipitia mitego Jumamosi jioni na kuifyatua yote, basi. Hata anayepeleka mbuzi malishoni anachoka zaidi. Sikufanya kwa sababu nilitaka nyama ya Jumatatu. Nilitaka Jumapili yangu iwe safi na chungu changu kijae, vyote viwili, na mnyama ndiye aliyekuwa analipa. Nikikaa na kulifikiria hili napata hasira mpaka nashindwa kukaa, na sina wa kumkasirikia ila huyu anayeshika kalamu.

Kwa hiyo nilipokuona umekua ukawa hutaki kugusa waya, ukaacha na nyama ya porini kabisa, nikajua jambo hilo lilikotoka. Lakini wewe unaeleza vingine. Unasema ni kule kuua kulikokuharibu. Mimi sikubali. Uliua kwa huruma, ukiwa na miaka tisa, peke yako, na ulikuwa mtoto mwema kuliko baba yako siku ile. Kilichokuharibu ni fimbo yangu, na wale mbwa. Ukiniambia usimfundishe mtoto kuwinda kama ulivyonifundisha, nitanyamaza na kuinamisha kichwa. Ukiniambia mtoto hafai kabisa kujua nyama inatoka wapi, hapo tutagombana mpaka mmoja wetu azikwe.

Sasa nakuja kwenye leo.

Asubuhi ulitangulia na mama yako, kwa kuwa ulitakiwa kukaa mbele. Mimi nilibaki namsubiri Tabita amalize kusuka nywele. Nimekwisha kuvaa, kitabu cha nyimbo kiko kwapani, chuma cha kanisa kimegongwa mara ya pili. Akaja akasimama mlangoni na gauni lake la bluu, hasogei. Nikamwambia twende, kaka yako anatungoja. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ana mtego.

Nilimfokea. Nilimuuliza amejifunza kwa nani, mimi sijamfundisha. Akasema amefundishwa na wewe. Ndiyo, wewe, mwalimu wa huruma! Mlipokuwa mnachunga mbuzi ulimwonyesha fundo, mkawa mnatega panya na kwale kwenye mashamba yaliyovunwa, ukamwambia asimwambie mtu. Wakati unaniwekea mimi masharti, fundo lako lilikuwa limekwisha kuingia mikononi mwake. Na kwa nini ametega jana? Alimsikia mama yako akilalamika kwamba kicheche amemaliza kuku, na kwamba mtoto wake ataagwa kwa maharage. Akasokota kamba ya katani, akaenda ukingoni mwa shamba la ulezi ambako funo hutoka msituni jioni. Alitaka ule nyama siku ya kuondoka. Hakuwaza zaidi ya hapo.

Nikamwambia tutakwenda kesho asubuhi. Ndiyo, nilisema hivyo. Baada ya yote niliyokuandikia hapo juu, neno la kwanza kutoka kinywani mwangu lilikuwa kesho. Mtu hawezi kujibadilisha kirahisi, mwanangu, ninakuambia. Tabita akaangalia chini. Akasema, "Atakuwa analia."

Hakuwa amezaliwa siku ile ya mbawala, na hakuna aliyemsimulia, isipokuwa kama ni wewe. Nikaweka kitabu juu ya meza, nikavua viatu, tukaenda.

Alikuwa funo jike, yule paa mdogo mwekundu wa msituni, amenaswa mguu wa nyuma. Mguu ulikuwa umevunjika kwa kurukaruka, vinginevyo ningemfungua aende. Alikuwa amechoka, anatutazama tu. Nilitoa kisu. Tabita akasema ni mtego wake, atafanya mwenyewe. Nikamwonyesha mahali, kwenye shingo yangu kwanza, kisha kwenye shingo ya mnyama. Nikamshika funo miguu na kichwa asiweze kuhangaika, nikamziba macho kwa kiganja. Mdogo wako alifanya mara moja tu, na ikaisha upesi. Kisha akalia sana. Sikumwambia anyamaze. Nilikaa pale kwenye majani yaliyoloa, na ng'ambo ya bonde wakaanza kuimba, na kutokana na wimbo nilijua kwamba ndiyo saa uliyoitwa mbele. Nikavua kofia. Nilikuombea palepale, nina damu mikononi, maneno ya kawaida tu, ufike salama na wakubwa wako wakupende. Sijui kama sala ya namna hiyo huhesabiwa.

Tulipokuwa tunaosha mikono nilimwambia yale ambayo ningekuambia wewe. Kwamba asitege tena bila mimi kujua. Kwamba asitege siku ambayo kesho yake hawezi kurudi, awe ni Jumapili, awe ni msiba, iwe ni mvua ya namna gani. Kwamba mtego ukishaufunga si kamba tena, kuna mnyama atakayekuwa anakusubiri pale. Aliniuliza kama utakasirika. Nikamwambia hutakasirika, utakula, utauliza, naye atajibu. Alitembea njia yote anajizoeza jibu, nilimwona midomo inacheza.

Ndipo ulipokuja. Ukasema, "Hata leo, Baba?" ukasukuma sahani, nami nikakufukuza. Tabita alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na maji ya kunawa mikononi. Sasa umeelewa kwa nini mama yako ameninunia.

Kuhusu kazi yako, sina la kukufundisha, sheria ni ya serikali na mkate ni wako. Uliwahi kusema ukinikuta na waya utanifunga hata mimi. Haya, nifunge, nitatembea mbele yako mpaka boma na nitawaambia watu huyu ni mwanangu. Lakini ukikuta mtego porini, kabla hujatafuta nyayo za mtu, mtafute mnyama. Kama yumo, mmalize au mfungue, hata kama ni Jumapili, hata kama mkubwa wako anakuita. Na ukimkamata mtu ambaye ana mtoto pembeni, usimchape mbele ya mtoto. Mwulize mtoto jina lake. Zaidi ya hapo sijui, na nimechoka kujifanya najua.

Nilitaka kukufungia kipaja kilichokaushwa uende nacho, mama yako ndiye aliyenizuia. Amesema itakuwa ajabu askari mpya wa Bwana Nyama ashuke kwenye lori siku ya kwanza na nyama ya mtego mfukoni. Kweli, hilo halikunijia kichwani. Kwa hiyo nyama haitoki hapa. Ni lazima iliwe humuhumu, na mimi na mama yako hatujaigusa, kwa sababu si yetu, na Tabita hawezi kuila.

Iko kwenye chungu kidogo, juu ya dari la jikoni, imefunikwa. Kesho kabla lori halijafika atakuwa ameipasha moto na kusonga ugali, maana amekataa mtu mwingine asiguse. Hulazimiki kuipenda. Hata ukitafuna kipande kimoja na kukitema nje baadaye sitasema neno. Lakini kaa chini, Lameki. Kula kidogo, meza, kisha umuulize. Mimi sikukuuliza wewe, na tazama miaka ilivyokwenda. Uliza tu, "Nani kaleta?"

Baba yako.